Maisha ya Bibi Rosine Krapf, Mama wa Kaburi la Pwani

Katika sikukuu hii ya jubili majina mengi yatatajwa: ya wamisionari, ya wachungaji, ya walimu wa kwanza, na ya Wamangi waliotoa viwanja vya kujengea makanisa na shule. Ni haki watajwe. Lakini mimi nimeombwa niandike habari za mama mmoja ambaye hakufika kwetu mlimani, wala hakuiona theluji ya Kibo kwa macho yake, wala hakuacha mtoto hai wala mwanafunzi aliyebatizwa. Jina lake ni Rosine Krapf. Wazee wetu waliosafiri pwani walilijua kaburi lake kabla ya kuyajua maisha yake.

Ukoo wake ulikuwa wa Dietrich, naye alitoka mji wa Basel katika nchi ya Uswisi. Mwaka 1842 Bwana Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alikuwa ametoka nchi ya Shoa katika Uhabeshi. Njiani alinyang'anywa mali yake, akafika pwani ya Massawa katika hali ya umaskini na uchovu mwingi. Taabu ile ilimfundisha kwamba si vema mtu kusafiri peke yake katika nchi zile, akaazimu kuoa. Mwaka ule ule wakafunga ndoa Aleksandria, Misri. Nasema wazi, Krapf alitafuta msaidizi wa kazi kabla ya kutafuta mke, wala hakulificha neno hilo alipoandika habari za safari zake. Naye Rosine alivuka bahari kuja kuolewa na mtu ambaye hakuwa na nyumba, na ambaye nchi aliyotaka kwenda ilikuwa imekwisha kumfungia mlango. Wake za wamisionari siku zile hawakuhesabiwa kuwa wafanya kazi kwa jina lao wenyewe. Waliitwa tu mke wa fulani. Walilolitenda walilitenda bure.

Walijaribu kwanza kurudi Shoa kwa njia ya Tajura, wakakataliwa. Basi mwaka 1843 wakashika njia ya Massawa, wapate kupanda kwenda Tigre. Rosine alikuwa mja mzito. Walipokuwa katika jangwa la Washoho, uchungu ukamshika kabla ya wakati wake, akazaa mtoto wa kike. Baba akambatiza kwa jina la Eneba, ambalo katika lugha ya Kihabeshi maana yake ni chozi. Mtoto aliishi muda mfupi tu, akafa, wakamzika pale jangwani. Wale Washoho waliowasafirisha hawakutaka kungoja, na siku ya tatu mama alilazimika kuinuka na kuendelea na safari.

Hapa nawaomba akina mama wa Machame, wa Mamba, wa Marangu na wa Moshi ya Kale wasimame kidogo. Kwetu Uchaggani mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Mama mkwe humpikia mtori, majirani huleta maziwa na nyama, wala hashiki jembe wala hachoti maji. Hata nyumba maskini hujitahidi kuitimiza desturi hii, na mume asiyeitimiza husemwa. Mzazi huyu hakupewa hata siku tatu kamili, wala hapakuwa na mama wala shangazi wa kumfunga tumbo. Kaburi la mtoto wake aliliacha nyuma jangwani.

Wako wanaomlaumu Krapf kwa kumpitisha mke mja mzito katika jangwa, nami siwezi kumtetea kwa wepesi. Alikuwa mtu wa moyo mkuu, lakini moyo mkuu wa mume mara nyingi hulipiwa na mwili wa mke. Hata hivyo nisingependa tumfanye Rosine kuwa mzigo uliochukuliwa tu. Alikuwa na imani yake mwenyewe, kama tutakavyoona mwisho wake.

Njia ya Tigre nayo ilifungwa. Ndipo Krapf alipofikiri kuwafikia Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagala, kwa upande wa kusini. Mwezi wa Novemba 1843 wakatoka Aden katika chombo cha Waarabu. Chombo kikavuja, bahari ikachafuka, wakawa karibu ya kuzama, ikawabidi kurudi. Baada ya siku chache wakapanda chombo kingine, na tarehe 7 Januari 1844 wakafika Unguja. Seyyid Said akampa Krapf barua ya kumjulisha kwa maliwali wake wa pwani, na mwezi wa Mei mume na mke wakakaa Mombasa. Rosine alikuwa mja mzito tena.

Siku zile za Mombasa ni chache, lakini zina uzito kwetu sisi tunaosoma kwa Kiswahili. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa mji, Mwislamu. Jambo hili walimu hawalitaji vya kutosha, kwamba hatua zile za kwanza za Maandiko katika Kiswahili zilisaidiwa na kadhi. Na nyumba ambamo kazi hiyo ilianza ilikuwa ni nyumba ya Rosine, mgeni mwenye mimba ya miezi ya mwisho, katika mji ambamo hapakuwa na mwanamke mwingine wa kwao.

Mwanzoni mwa Julai homa ikamshika Krapf, na baada ya siku chache ikamshika mkewe. Wakati huo hakuna mtu duniani aliyejua kwamba homa ile huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Tarehe 6 Julai Rosine akazaa mtoto wa kike. Homa haikumwacha. Alipojua kwamba hataamka tena aliwaita watumishi na majirani, akasema nao habari za imani yake. Akamwomba mumewe asiandike sifa zake kwa rafiki za Ulaya, kwa maana alijiona kuwa mwenye dhambi kama wengine. Akaagiza pia asizikwe kisiwani, bali bara ng'ambo, kando ya njia ipitwayo na Wamijikenda, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao sababu iliyowaleta wageni hawa. Krapf alikuwa amelala kando yake kwa homa ile ile, asiweze kumhudumia. Katikati ya mwezi Rosine akafa. Hazikupita siku nyingi mtoto naye akafa, akapelekwa kwa mama yake.

Mimi naandika sifa alizokataza, nami nimeliwaza neno hilo kabla ya kushika kalamu. Naona mama aliyechagua kaburi lake liwe kando ya njia alitaka lisemwe, ingawa yeye mwenyewe asisifiwe. Krapf naye alifanya vivyo: alipowaandikia wakubwa wake Ulaya hakuomba arudishwe, bali aliwaambia kwamba kaburi hili ni alama ya kuanza kwa kazi katika Afrika ya Mashariki.

Wakapeleka mtu wa pili. Johannes Rebmann alifika Mombasa Juni 1846, na miezi miwili baadaye yeye na Krapf wakahamia Rabai. Kutoka Rabai Rebmann akashika njia ya bara, na tarehe 11 Mei 1848 akauona Kilimanjaro, kisha akafika Kilema kwa Mangi Masaki. Rebmann naye alizika mtoto wake huko Rabai, na mwaka 1866 akamzika mkewe Emma. Wamisionari wa CMS walikuja kukaa Moshi mwaka 1885, na wale wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Hayo mengine mtayasoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki.

Kaburi la Rosine lipo Nyali hata leo, si mbali na mahali ulipojengwa mji wa Freretown mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Nilifika pale pamoja na akina mama wa usharika wetu. Niliwasimulia habari hizi kama nilivyoziandika hapa. Mmoja wao, bibi mwenye wajukuu, aliniuliza ni nani aliyempikia mzazi yule uji kule jangwani. Sikuwa na la kumjibu. Akafungua kanga yake ya pili, akafuta vumbi juu ya jiwe, kisha tukarudi garini.