Monsinyori Gillon, padri aliyeleta kinu cha nyuklia Congo

Tarehe 6 Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kinu cha nyuklia kiliwashwa kwenye mlima wa Chuo Kikuu Lovanium, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Kilikuwa cha kwanza Afrika nzima. Aliyekipigania ni Luc Gillon, padri wa Ubelgiji na mtaalamu wa fizikia.

Gillon alizaliwa mwaka 1920, akaongoza Lovanium tangu 1954 hadi 1967. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imetumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Kwake, nchi iliyotoa madini hayo ilistahili pia kupata elimu yake.

Shida kubwa ya kinu ni joto. Kila mama wa Baraka anajua: sufuria yenye maji haiungui, lakini maji yakikauka inaharibika. Kinu hicho, TRICO, cha kilowati 50, kilitengenezwa Marekani. Kiini chake kilikaa ndani ya tangi la maji yanayokipoza. Urani yake ilichanganywa na zirkoni na hidrojeni, hivyo joto likipanda kupita kiasi, nguvu inapungua yenyewe.

Uchaguzi huo ulikuwa na maana. Mwaka 1960 jeshi liliasi na Wabelgiji wengi wakakimbia. Mwaka 1965, vita vya Simba vilipokuwa vikiwatesa raia wa Fizi na Baraka, kinu kilikuwa bado kinafanya kazi. Kilizimwa mwaka 1970, na TRICO II yenye kilowati 1,000 ikafuata mwaka 1972. Gillon alifariki mwaka 1998.

TRICO ilipasua atomu. Leo, huko Cadarache, Ufaransa, mradi wa ITER unajenga mtambo wa kuziunganisha, kwa joto la nyuzi milioni 150. Sumaku ndizo zitakazozuia moto huo usiguse kuta. Sehemu itakayopokea joto kali zaidi inavikwa wolframu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422, na kupozwa kwa maji yanayopita ndani ya mabomba ya aloi ya shaba.

Wolframu inachimbwa pia Kivu, na mchimbaji anaiuza kwa kilo bila kujua inakokwenda. Jambo alilolidai Gillon kwa urani, kwamba anayechimba naye asome, bado linasubiri jibu kwa wolframu.