Tabibu Aliyeamrisha Mikono Ioshwe

Ignaz Semmelweis alizaliwa Hungaria mwaka 1818, akawa tabibu katika hospitali kuu ya Vienna. Huko wanawake wengi wakijifungua wakifa kwa homa, na vifo vilizidi katika wodi ya madaktari kuliko ya wakunga. Mwaka 1847 akatambua sababu: madaktari walitoka kupasua maiti, wakaja kuzalisha kwa mikono ile ile. Akawaamrisha waioshe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo vikashuka kutoka 18 katika kila 100 hadi karibu 2. Wakubwa wengi walimkataa, wakiona uzito kukiri ya kuwa mikono yao ndiyo iliyoua. Alikufa mwaka 1865 kabla ya kusadikiwa. Basi, ndugu zetu, twaonelea si utovu wa adabu mgonjwa kumwuliza tabibu kama ameosha mikono.