Alessandro Volta na samaki mwenye umeme

Geuzeni chaja ya simu ya mama mtazame yale maandishi madogo. Herufi V mtakayoiona ni ya volti, na volti imetokana na jina la mtu.

Alessandro Volta alizaliwa Como, Italia, mwaka 1745. Alichelewa sana kusema, na yasemekana alipofika miaka minne hivi jamaa zake walikuwa wameanza kukata tamaa. (Wazazi ambao watoto wenu bado wanasita kusema Kiswahili, subirini kidogo!) Baadaye akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Mwaka 1791 Luigi Galvani, daktari wa Bologna, alitangaza kwamba miguu ya chura aliyekufa hushtuka ikiguswa na metali mbili, kwa sababu mnyama ana umeme wake mwenyewe. Volta alimsadiki mwanzoni, kisha akageuka: umeme unatoka kwenye zile metali, chura hana lake. Wakabishana miaka mingi. Galvani alifariki 1798, baada ya kuachishwa kazi kwa kukataa kula kiapo cha serikali mpya.

Volta naye alimwangalia mnyama mwingine. Kuna samaki wa jamii ya taa (si taa ya kuwaka, ni yule samaki bapa) ambaye ukimshika anakupiga shoti. Wapo hadi Ghuba na pwani ya Afrika Mashariki. Mwilini mwake mna visahani laini vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Basi Volta akapanga visahani vya fedha na zinki, na katikati akaweka karatasi ngumu iliyoloweshwa maji ya chumvi. Akagusa juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine. Shoti! Machi 1800 aliiandikia Royal Society ya London habari za betri hiyo ya kwanza, akiifananisha na kiungo cha yule samaki. Napoleon akamtunuku cheo. Alifariki Como mwaka 1827.

Lakini Galvani naye hakukosea. Umeme wa samaki hutoka kwenye tando za seli zake, zenye vilango vidogo mno vinavyochagua ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, zipi zipite na kwa upande gani. Leo maabara zinatengeneza tando ngumu zenye vitundu vya namna hiyo, ili kupata umeme pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Wanaotengeneza tando hizo bado wanamchunguza samaki.