Ettore Bugatti: Fundi aliyeunda gari la wafalme, wafalme wasilinunue

Ukikaa na vijana barazani baada ya Isha, mazungumzo hayakawii kufika kwenye magari. Swali ni lile lile: ungekuwa na pesa zisizohesabika, ungenunua gari gani? Mmoja atataka Range Rover, mwingine Lamborghini, na hakosekani wa kutaja Bugatti. Wengi wetu jina hilo tunalijua kwa picha za kwenye simu tu. Mwenye jina amefariki tangu 1947, na mtu wa kwanza kulichukua swali hilo la barazani na kulifanya kazi ya kiwandani ni yeye. Jawabu alilolipata lilimgharimu.

Ettore Bugatti alizaliwa mjini Milan, Italia, tarehe 15 Septemba 1881, katika nyumba ya mafundi. Babake, Carlo, alikuwa fundi wa samani wa kutajika. Viti na makabati yake alivitia madini na nakshi zilizoiga sanaa ya Waislamu wa Kaskazini mwa Afrika, na aliyezoea milango na makasha ya Lamu asingeviona vigeni sana. Nduguye mdogo, Rembrandt, akawa mchongaji wa sanamu za wanyama. Husimuliwa kwamba Ettore naye alianza na sanaa, akatazama kazi ya mdogo wake, akajua hamfikii, akaacha. Akaingia kiwanda cha baiskeli cha Prinetti & Stucchi akiwa bado kijana mdogo, na huko ndiko alikoonja injini.

Mwaka wa 1901 gari alilounda lilipata tuzo katika maonyesho ya Milan. Mwaka uliofuata kampuni ya De Dietrich, kule Alsace, ikamwajiri aiundie magari. Hakuwa ametimiza umri wa kutia sahihi mkataba kisheria, kwa hiyo babake ndiye aliyemtilia. Alihamahama kwa waajiri kwa miaka kadhaa, na alipokuwa Cologne, Ujerumani, alijiundia kijigari chake kidogo chini ya nyumba yake, usiku, kazi za watu zikiisha. Hatimaye 1909 akakodi jengo lililokuwa la kutilia nguo rangi, katika mji mdogo wa Molsheim, akaanza kiwanda chake mwenyewe.

Alsace wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita vya 1914 vilipozuka ilimbidi akimbie na aile yake. Aliporudi baada ya 1918, mji ule ule ulikuwa umeingia Ufaransa. Ndiyo sababu Mwitaliano huyu, aliyeanza biashara katika himaya ya Ujerumani, leo anahesabiwa kuwa fahari ya Wafaransa.

Miaka ya 1920 ilikuwa yake. Magari yake yalikuwa mepesi, membamba, ya rangi ya samawati, na yalishinda karibu kila mahali. Mashindano ya Targa Florio, katika milima ya Sicily, aliyachukua mara tano mfululizo, kutoka 1925 hadi 1929. Mashindano ya kwanza ya Monaco, 1929, yalishindwa na gari lake pia. Mwenyewe alivaa kofia yake ya duara, alifuga farasi, na alitaka kiwanda king'are. Wateja waliokuja Molsheim kuchukua magari yao walikuwa na nyumba ya wageni ya kulala.

Lakini alikuwa mkaidi. Wenzake walipohamia breki za mafuta, yeye aling'ang'ania za nyaya hadi karibu 1938. Husimuliwa kwamba mteja aliyelalamika juu ya breki alijibiwa kwamba magari yale yameundwa kwenda, si kusimama. Ni hadithi ya kuchekesha, ila asiyeiona hatari yake hajawahi kushuka mlima kwenye matatu mbovu.

Sasa tufike kwenye gari lenyewe. Inasemekana katika karamu moja bibi mmoja alimsifu kwa magari ya mbio, kisha akaongeza kwamba kwa anayetaka starehe hasa, hakuna kama Rolls-Royce. Yawe kweli yasiwe, katikati ya miaka ya 1920 Bugatti alianza kuunda gari ambalo wafalme peke yao wangelimudu. Aliliita Royale. Lilikuwa na urefu wa karibu mita 6.4, kupita matatu yetu ya viti 14, na uzito wa tani tatu na ushei. Injini yake ilikuwa na silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wa takriban lita 12.7, Probox ina lita moja na nusu. Juu ya redieta alisimamisha tembo mdogo aliyenyanyua mkonga, kazi ya Rembrandt, nduguye, aliyejitoa uhai 1916. Hapo mimi huona kwamba ndani ya gari lile kulikuwa na jambo zaidi ya majigambo. Katika Mji wa Kale lisingepinda kona hata moja, lakini halikukusudiwa vichochoro.

Alipanga kuunda 25. Alfonso wa Uhispania alitarajiwa kuwa mteja, lakini 1931 alipoteza kiti. Uchumi wa dunia ulikuwa umeshaporomoka tangu 1929, na hata waliobaki na pesa waliona haya kuonekana nazo. Inasimuliwa pia kwamba Zog, mfalme wa Albania, alitaka kununua na Bugatti akakataa kwa kutopenda jinsi alivyokula mezani. Kama ni kweli, hayo ni maringo ya mtu asiyeweza kuyamudu. Katika mkasa mwingine, Bugatti alisinzia kwenye usukani akiliendesha Royale la kwanza, akaliharibu.

Mwishowe yalibaki sita, na yaliyopata wanunuzi ni matatu tu: mfanyabiashara wa nguo wa Paris, daktari wa Ujerumani, na tajiri mmoja Mwingereza. Yule wa nguo aliagiza lake lisitiwe taa za mbele, kwani hakukusudia kuliendesha usiku. Hakuna mfalme aliyenunua.

Ghala likabaki na injini za ziada. Kilichomwokoa ni kuzitia kwenye mabehewa ya reli yanayojiendesha, nne kwa kila behewa kubwa, kuanzia 1933. Shirika la reli la Ufaransa liliyanunua, na injini ya wafalme ikawabeba wasafiri wa tikiti. Mafundi wa Molsheim walikula kwa kazi hiyo, si kwa Royale.

Hata hivyo mwaka wa 1936, mgomo ulioenea Ufaransa nzima ulipofika kiwandani kwake, aliuona kama usaliti. Alijihesabu kuwa baba wa wafanyakazi wake, na watoto hawamgomei baba. Alihamia Paris, akamwachia kiwanda mwanawe Jean. Hapa simtetei. Mtu anayelipwa mshahara si mtoto wako, hata ukimjengea nyumba.

Jean alikuwa na jicho la babu yake. Bodi ya gari lile lisilo na taa aliichora yeye, na magari aliyoyachora baadaye ndiyo ambayo matajiri wanagombania minadani hadi leo. Usiku wa tarehe 11 Agosti 1939, akijaribu gari la mbio karibu na Molsheim, alimkwepa mpanda baiskeli aliyeingia barabarani, akagonga mti, akafa. Alikuwa na miaka 30.

Wiki chache baadaye vita vikaanza. Wajerumani walimlazimisha auze kiwanda, na vita vilipoisha serikali ya Ufaransa ikakizuia kama mali ya adui. Mahakama ilimrudishia haki yake 1947, lakini alikuwa mgonjwa hajijui. Alifariki Paris tarehe 21 Agosti mwaka huo, akazikwa Dorlisheim, karibu na Molsheim, pamoja na wake. Kampuni ilijikokota miaka michache kisha ikazimika. Magari yanayotajwa barazani leo yalikuja baada ya Volkswagen kulinunua jina hilo 1998.

Mwaka wa 1987 mojawapo ya Royale alizokosa mnunuzi liliuzwa London kwa pauni milioni 5.5. Lile la daktari lilipitia Shanghai hadi New York. Baridi ikagandisha maji ndani ya injini ikapasuka, gari likatupwa kwa wauza vyuma chakavu. Mhandisi mmoja wa General Motors alilikuta huko akalichukua kwa dola 400 hivi, akalitengeneza, na sasa liko kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford, kule Dearborn.