James Kirkman na Mawe ya Gedi

Nilikuwa ningali mtoto wa chuoni babu yangu aliponichukua kwenda Gedi, kusini ya Malindi. Tulipofika kwenye msikiti mkuu, ambao paa lake lilikwisha kuanguka zamani, babu alivua makubadhi yake, akasimama mbele ya kibla na kuwaombea dua waliosali hapo. Mimi nilikuwa nikishangaa jinsi kuta zile zilivyoweza kusimama katikati ya msitu.

Baadaye ndipo nilipojua habari za marehemu James Kirkman. Huyu alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1906. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuyahifadhi magofu ya Gedi kwa sheria tangu miaka ya 1920, lakini miti iliendelea kuyatafuna. Mwaka 1948 Kirkman alipewa dhamana ya mahali hapo, akakaa huko miaka kumi pamoja na vibarua wake. Walifyeka, wakachimba, na kuta wakaziimarisha.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Nyumba kadhaa alizipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama vile Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, na Nyumba ya Taa ya Chuma. Zilipatikana sahani za Kichina na shanga kutoka Venice. Kaburi moja lilikuwa na tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na tarehe hiyo ilimsaidia sana kukadiria umri wa majengo mengine. Alichimba pia Mnarani, Takwa na Ungwana. Mwaka 1958, Ngome ya Mombasa ilipoacha kuwa jela, akahamia huko, na miaka miwili baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Hata hivyo, msomaji, sifa isitufanye tufiche kasoro. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita Gedi mji wa Waarabu. Aliwaona wajenzi kuwa ni wageni, na wenyeji akawapa nafasi ndogo. Wachimbuaji waliomfuata, hasa wale wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, walionyesha kuwa miji yetu ilikua pole pole kutoka vijiji vya miti na udongo, na waliojenga walikuwa Waswahili wenyewe. Basi mtu aliyeziokoa nyumba zetu alikosea kuwataja wenyewe. Lakini lau asingeziokoa, ushahidi wa kumsahihisha ungetoka wapi?

Kirkman alifariki mwaka 1989. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Nami nina la kuungama. Nyumba ya bibi yetu shamba, ya mawe na chokaa, yenye boriti za mikoko na vidaka ukutani, tuliibomoa sisi wajukuu kwa mikono yetu. Mawe tukayauza, pesa tukagawana, na hazikumaliza hata mwezi. Leo wanangu wakiniuliza bibi alikaa wapi, nawaonyesha kiwanja kitupu. Mgeni alitoka ng'ambo akalinda mawe asiyoyarithi. Sisi tuliorithi tukayapiga nyundo. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Mwenye ukuta wa babu yake na autie chokaa kabla ya masika.