Malintzin alimsaliti nani?

Nchini Meksiko, mtu anayetukuza vya wageni na kudharau vya kwao hutukanwa kwa jina la mwanamke aliyefariki takriban miaka 500 iliyopita. Jina lenyewe ni Malintzin, au Malinche kama Wahispania walivyolitamka. Nimesoma mengi juu ya bibi huyu, na kadiri nisomavyo ndivyo ninavyoona kwamba kesi yake ilikatwa bila mshtakiwa kusikizwa.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1500, upande wa Coatzacoalcos, na lugha ya mamake ilikuwa Kinahuatl. Angali mtoto alitiwa utumwani, akaishia mikononi mwa Wamaya, akajifunza na lugha yao. Mnamo Machi 1519, Wamaya wa Potonchán waliposhindwa vitani na Hernán Cortés, walimtuliza mshindi huyo kwa dhahabu na wanawake 20. Malintzin alikuwa mmojawapo. Alibatizwa Marina, kisha akagawiwa ofisa mmoja mithili ya mbuzi wa mahari.

Ulimi ndio uliompandisha cheo. Cortés alikuwa na Jerónimo de Aguilar, Mhispania ambaye chombo chake kilivunjika mnamo 1511 akaishi na Wamaya miaka minane. Hata hivyo, Aguilar hakujua Kinahuatl. Basi mjumbe wa Moctezuma alipotamka jambo, Malintzin aliligeuza kwa Kimaya, naye Aguilar akalitia katika Kihispania; jibu lilirudi kwa njia iyo hiyo. Muda si muda bibi huyu akakimudu Kihispania, Aguilar akabaki hana kazi kubwa. La kustaajabisha ni kwamba wenyeji walimwita Cortés mwenyewe Malinche, yaani bwana wake Malintzin, ilhali Cortés katika barua zake ndefu kwa mfalme alimtaja kwa jina kwa nadra mno.

Tarehe 8 Novemba 1519, mjakazi huyo wa jana alisimama Tenochtitlan kati ya Cortés na Moctezuma, mfalme ambaye raia zake hawakuthubutu kumtazama usoni.

Wanaomlaani husema aliwauza watu wake. Watu gani, nauliza? Wakati huo hapakuwa na taifa liitwalo Meksiko. Palikuwa na Wamexica, tuwajuao kwa jina la Waazteki, waliotoza kodi miji waliyoishinda. Na palikuwa na mahasimu wao wa Tlaxcala, waliompa Cortés maelfu ya askari. Bila askari hao, na bila ndui iliyoteketeza watu mwaka wa 1520, sidhani Tenochtitlan ingeanguka tarehe 13 Agosti 1521. Ama Malintzin, hakuwa Mmexica wala Mtlaxcala.

Siwezi, hata hivyo, kumtetea kwa moyo mweupe katika habari za Cholula. Inasimuliwa kwamba mwanamke wa mji huo alimnong'oneza siri ya njama dhidi ya Wahispania, naye akaifikisha kwa Cortés. Watu kwa maelfu wakauawa. Wako wanahistoria wanaoshuku kwamba njama yenyewe ilikuwapo. Iwe ilikuwapo au la, habari ilipitia kinywani mwake.

Alimzalia Cortés mtoto wa kiume, Martín, yapata mwaka wa 1522. Mwaka wa 1524, katika safari ya Honduras, aliozwa Juan Jaramillo, wakapata binti. Mwaka wa 1528 Cortés alimchukua Martín hadi Hispania, naye mama, ambaye huenda hakuwa ametimiza miaka 30, akafariki karibu na wakati huo. Papa alimhalalisha mtoto mwaka wa 1529. Alikulia katika jumba la kifalme, akarudi Meksiko mtu mzima, na mwaka wa 1568 akateswa kwa kamba na maji akishukiwa uasi. Hakukiri lolote. Ndugu yake wa baba, aliyeitwa Martín vilevile lakini mwana wa mke Mhispania na mrithi wa mali yote, alikuwa amekwisha kusafirishwa Hispania.