Askofu Festo Kivengere, Aliyemsamehe Idi Amin

Wapendwa, kila tunapoimba Tukutendereza Yesu hapa Kitengela au tukialikwa Kajiado, tunaimba wimbo wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Katika Yubile hii tumeona vyema tumkumbuke mmoja wa watoto wa uamsho huo, Askofu Festo Kivengere.

Alizaliwa karibu mwaka 1919 huko Rukungiri, kusini-magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Alichunga ng'ombe utotoni kama walivyochunga wazee wetu wengi wa Kajiado. Akawa mwalimu. Alipookoka akiwa kijana, alipanda baiskeli akaenda mbali kumwomba msamaha Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Baadaye alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, akawa mhubiri wa kimataifa, na mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi.

Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliitwa mbele ya Rais Idi Amin mjini Kampala. Festo na maaskofu wenzake waliambiwa waende nyumbani. Walitaka kumngoja ndugu yao, lakini hakutoka tena. Serikali ilitangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Ukweli ni kwamba waliuawa. Siku chache baadaye, Festo na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda.

Alikuwa salama, lakini moyo wake ulikuwa na uchungu. Alipoteza rafiki, nyumba na nchi, na chuki kwa Amin ikaanza kuota mizizi. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, alitafakari jinsi Bwana Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Akaona kwamba hawezi kumtoa Amin katika maombi hayo. Akamsamehe. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Tusielewe vibaya. Askofu Festo hakuyaita mauaji jina jingine. Aliendelea kueleza ulimwengu mateso ya Waganda na kuwasaidia wakimbizi. Alisamehe bila kuficha ukweli. Wala hakungoja kuombwa msamaha, maana Amin hakuwahi kumwomba. Amin alipopinduliwa mwaka 1979, Festo alirudi kujenga upya. Alilala katika Bwana mwaka 1988, akiugua saratani ya damu.

Nasi waimbaji tujiulize. Tumesimama mstari mmoja, sauti ya pili na ya tatu, lakini wapo kati yetu wasiosalimiana. Wengine waliumizwa na ndugu wa damu kwa sababu ya shamba lililouzwa. Wengine walisemwa vibaya na mwimbaji mwenzao. Sauti zinapatana, mioyo bado.

Katika Biblia, mwaka wa Yubile ulikuwa mwaka wa kuachilia: mtumwa alienda huru, na shamba lilirudi kwa mwenyewe. Sare mpya na keki tunazifurahia, lakini Yubile haijatimia kama bado tumeshikilia deni la mwenzetu moyoni. Kabla hatujapanda jukwaani, kila mmoja wetu amtafute yule mmoja. Kama alivyofanya Festo, tusingoje aanze yeye.

Bwana asifiwe.